Semea sahani yako kabla haijapakuliwa

Kazi yangu ni kukagua vitabu vya hesabu vya SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, na vya vyama vya wakulima. Nyumbani ni Uyole, Mbeya, ila kwa mwezi nalala kitandani kwangu wiki mbili tu. Siku zilizobaki ni gesti: Tukuyu, Kyela, Chimala, Makambako, Njombe, Mafinga, Iringa. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 96. Leo asubuhi mizani imesoma 82. Hapo katikati ipo miezi ambayo sikupungua hata nusu kilo, na ipo safari moja ya siku tisa iliyonirudishia kilo tatu na nusu. Nitaifikia.

Wanaoniuliza nimefanyaje hutegemea nitawatajia ndimu na maji ya moto. Mimi nyumbani sikuwahi kuwa na shida kubwa, sufuria ni langu na mafuta nayamimina kwa mkono wangu. Shida yangu ilikuwa barabara. Huko njiani chakula kikishapakuliwa kimeshaliwa. Sijawahi kumwona mtu akimrudishia mama ntilie nusu ya wali, na mimi niliyelelewa na bibi wa Kibena, aliyetuchapa kwa kubakiza ugali, ndiyo kabisa. Kwa hiyo nilijifunza kusema ninachotaka kabla upawa haujaingia kwenye sufuria. Haya mengine yote ninayoyaeleza yanatokana na hilo.

Tuanze na asubuhi ya safari, maana huko ndiko nilikokosea mwaka mzima. Nilikuwa napanda basi sijala kitu, najisifu kwamba nimeokoa mlo mmoja. Siku moja nilifika Njombe saa mbili usiku, baridi ya Juni inatafuna masikio, tumboni nina chai ya rangi tu tangu alfajiri. Nikashuka, nikaelekea kwenye moshi wa kwanza niliouona, nikaagiza chipsi mayai, mishikaki minne na soda. Nilipomaliza nikaagiza chipsi nyingine kavu. Ule mlo niliouokoa asubuhi niliulipa na riba.

Siku hizi basi likiondoka saa kumi na mbili, mimi saa kumi na moja niko jikoni. Mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu kimoja, mboga zilizobaki jana usiku, chai bila sukari. Yai halina maajabu, lina kalori sabini na kitu tu, lakini linakaa tumboni. Andazi la kukaanga linanibeba mpaka Igawa, halafu naanza kuchungulia dirishani.

Na dirishani ndiko kwenye mtihani. Konda akitangaza dakika kumi za kuchimba dawa, wauzaji wameshalizunguka basi na beseni zao. Sikatazi kununua, mimi mwenyewe nanunua, ila nimeshaamua nikiwa Uyole nitanunua nini: mayai ya kuchemsha au hindi la kuchoma, na maji. Karanga naziogopa, na siyo kwa ubaya wake. Gramu 50 za karanga za kukaanga, kifuko unachokimaliza huku unazungumza na jirani wa kiti, zina kalori karibu 290. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai kama tisa. Mwambie mtu akoroge vijiko tisa kwenye kikombe kimoja cha chai mbele yako uone kama utakinywa.

Kubeba chakula kutoka nyumbani ni kuzuri kukifika salama. Nilishawahi kuweka parachichi lililoiva kwenye mkoba pamoja na hati za malipo za chama kimoja cha wakulima. Mbele ya Chimala barabara ilikuwa inatengenezwa, basi likarukaruka, na mpaka leo ile hati namba kumi na saba ina doa la kijani ambalo nililazimika kulieleza kwenye kikao. Beba vitu vigumu: matango, karoti, mahindi ya kuchemsha, maharage yaliyopikwa yakakauka mchuzi, yakiwa ndani ya kopo la kufunga.

Na kwa kuwa nimelitaja parachichi: Rungwe na Njombe linauzwa kwa mafungu, bei ya kutupa, na watu wa dayati wanakula mawili kwa mkupuo kwa sababu "ni tunda tu". Ni tunda, na mafuta yake ni mazuri, lakini ni mafuta. Gramu 100 za nyama yake ni kalori 160 hivi. Mimi nakula nusu, nusu nyingine nampa mhudumu wa gesti.

Sasa mgahawani. Mama ntilie wengi tunaokutana nao kwenye stendi zetu wana sufuria zile zile: wali, ugali, maharage, nyama ya mchuzi, samaki, mchicha au chainizi. Hakuna kitu kibaya hapo. Vipimo ndivyo tatizo, kwa sababu mama ntilie mwema anahesabu wema wake kwa kimo cha wali, na mboga za majani anaziweka pembeni kama pambo. Unachotakiwa ni kugeuza hesabu hiyo, na ugeuze ukiwa umesimama pale kwenye sufuria, usisubiri mezani. Ninavyosema mimi ni hivi: "Shikamoo mama. Naomba wali nusu upawa, maharage upawa mzima, mboga za majani jaza kabisa, nalipa bei ile ile." Hayo maneno ya mwisho ndiyo ufunguo. Ukiomba kidogo bila kutaja bei, anadhani huna hela, na kwa huruma atakuongezea. Ukitaja bei kamili anacheka na kukupa mboga za watu wawili. Pale Makambako kuna mmoja ambaye sasa akiniona nashuka tu anauliza, "Nusu?"

Kwenye samaki uliza kama yupo wa mchuzi au wa kuchoma kabla hujaletewa wa kukaangwa. Mchuzi wenye mafuta yanayoelea, mwambie achote chini. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na kwenye rosti huwezi kujua vimeingia vingapi.

Chipsi ndiyo kesi yetu kubwa. Sisi ndio wenye viazi. Njombe na Mbeya tunalisha viazi meza nyingi za Dar es Salaam, halafu wenyewe tukiwa safarini hatuvijui ila vikiwa ndani ya karai la mafuta. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha ni kalori 87 hivi. Kikate kiwe chipsi, gramu hizo hizo 100 zinapita 300. Kiazi ni kile kile. Asubuhi vibanda vingi vya chai vina viazi vya kuchemsha. Jioni huwa vimekwisha, kwa hiyo mimi naagiza asubuhi vya jioni. Namwachia dada wa kibandani buku lake, nakuta vimewekwa. Wengine wananiona mshamba. Sawa.

Wali wa Kyela sitadanganya, umenishinda. Ukifunuliwa sufuria ile harufu inaingia mpaka kwenye mahesabu. Nikiwa Kyela nakula wali mchana, upawa mmoja kamili, kwa raha zangu, na usiku sigusi wanga: ni samaki na majani tu. Kila mtu achague chakula chake kimoja ambacho hatabishana nacho. Ukivikataa vyote siku ya tatu unakula vyote.

Gesti nyingi za ngazi yangu zinatoa kifungua kinywa ndani ya bei ya chumba: mkate au chapati mbili, soseji, yai la kukaanga, chai ya maziwa. Usiku wa kuamkia, ninapolipa chumba, namwambia wa mapokezi: mayai mawili ya kuchemsha, chapati moja, ndizi mbivu au papai kama lipo. Ukisubiri asubuhi mpishi ameshakaanga na wewe ukionekana unabagua utaona aibu, utakula.

Kisha posho. Wasafiri wa kazi tuseme ukweli, posho ndiyo inayotunenepesha. Hela iko mfukoni, nyumbani hawapo, jioni ni ndefu, na wenzako wameshaagiza kilo mbili za kitimoto kwa watu wanne. Mimi naenda. Kukaa chumbani peke yangu nikitazama ukuta kulinifanya ninunue biskuti. Ila nafika wa kwanza na ndiye ninayeagiza: ya kuchoma badala ya kukaanga, kilo moja na robo, kachumbari sahani mbili, ndizi za kuchoma moja moja. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nyama ni ndogo wakati bili inakuja ndogo. Kwenye vinywaji, bia ya nusu lita ina kalori karibu 200, kwa hiyo anayekunywa nne amekula mlo mwingine wa usiku juu ya ule aliokula. Iringa msimu wa ulanzi watakwambia mtogwa, ulanzi mpya ambao haujachacha, ni maji ya mianzi tu, hauna neno. Ule utamu wake ni sukari.

Vyama vikipata habari kwamba mkaguzi anakuja, vinachinja. Hapo nina sababu mbili za kukataa, maana mkaguzi aliyeshiba sana haoni vizuri. Nampigia mwenyekiti siku mbili kabla: "Mzee, mchana nitakula ugali na mboga pamoja na watunza hazina, tukiwa tunaendelea na vitabu." Tangu nianze hivyo hata kazi inakwisha mapema.

Kwa ndugu ndiko kugumu zaidi. Mama mkwe wangu yuko nje kidogo ya Tukuyu, na kwake kukataa chakula ni kumwambia mikono yake ni michafu. Mara ya kwanza nilimwambia "nimeshiba, mama", akanyamaza mpaka jioni. Mume wangu ndiye aliyepata kesi. Baadaye nikaelewa kwamba mwenyeji kinachomuumiza ni kukataliwa. Akiagizwa anafurahi. Safari iliyofuata nikampigia mapema.

"Mama, Jumamosi nakuja. Nimeyakumbuka yale majani ya maboga unayoyapika wewe. Kuku muache, nipikie hayo, na maharage, na ndizi mbili za kuchemsha."

"Mbili? Mwanangu, unaumwa?"

"Basi tatu, mama."

Nilikuta bakuli la majani la kutosha harusi. Nikala, nikaomba tena, nikasema ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa. Sasa anawasimulia majirani kwamba mkwe wake Mbena hana anachokipenda duniani kama mboga zake.

Kutembea nafanya ila sikutegemei sana. Iringa mjini nikiwahi kuamka napanda jiwe la Gangilonga; Tukuyu mvua ikiruhusu ni nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Siku ya kukaa kwenye basi kwa muda wa saa sita, hata kuzunguka stendi wakati wenzako wanakula kuna faida yake. Kama una kisukari na unatumia dawa au sindano, usicheze na kupunguza wanga wala kuchelewesha milo kwa maneno yangu; panga saa zako za kula na daktari wako kabla ya safari.

Ile safari ya siku tisa sasa. Ilikuwa Njombe kisha Mafinga, nilifuata haya kwa sehemu kubwa, nikarudi usiku na asubuhi nikapanda mizani: kilo tatu na nusu zaidi. Nililia kweli. Nikaamua basi, nikakaanga maandazi. Siku ya tano nikapanda tena kwa hasira, zaidi ya mbili zilikuwa zimeondoka zenyewe. Ilikuwa chumvi ya migahawani, wanga mwingi na kukaa kwenye viti. Mwili unapoweka akiba ya wanga unaweka na maji yake, kama gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga. Mafuta ya mwili hayawezi kupanda hivyo kwa siku tisa bila kula kwa fujo.

Kwa hiyo mimi nikirudi sijipimi mpaka asubuhi ya nne. Mizani nimempa binti yangu, anaificha chumbani kwake, na nimemwambia nikiiomba kabla ya hapo aniulize nimerudi lini. Malori na mabasi yanapimwa Makambako yakiwa na mzigo. Mimi nisubiri nishushe wangu kwanza.

Jumatatu naenda Kyela, siku sita. Matango nimeshanunua. Wali wa mchana ni Jumatano na Ijumaa.