Namna ya kuomba musaada wa kulipa bima ya afya Marekani, kwa sisi wenye ndugu kule

Hapa Bukavu familia nyingi ziko na mutu Marekani, na kila mwezi wa kumi na moja telefone zinaanza kulia usiku: yaya, wamenitumia barua ya bima, sielewi ata kitu. Mudogo wangu iko mu jimbo la Ohio na bibi yake na watoto wawili, dosie yake tunaijazaka pamoja ku WhatsApp, mimi saa tano ya usiku hapa Nyawera, yeye kule saa kumi ya jioni ametoka tu ku kazi. Naandika hii juu makosa ni yale yale mu kila familia, na moja lilitukula makuta.

Kwanza kitu chenyewe. Huku tunajua mutuelle, unatoa muchango wa mwaka, unapewa karte, ukigonjwa unalipa sehemu kidogo tu. Kule muchango ni wa kila mwezi na ni mukali sana, njo maana serikali inasaidia. Ule musaada unaitwa kredi ya kodi, ulikuja na sheria ya Obama ya 2010. Haupite mu mikono yako, serikali inaulipa moja kwa moja ku kampuni ya bima, wewe unamalizia yenye kubakia. Lakini ni avansi. Nasema tena, ni avansi. Wanakupa kufatana na mapato uliyosema utapata mu mwaka, kisha mwaka ukiisha wanapiga hesabu na mapato ya kweli.

Ya mwaka 2024 tuliandika dola 48,000. Katikati ya mwaka depo ikaanza kumupa saa za ziada, akafurahi, akafanya mpaka siku ya mungu, hakuambia soko la bima (ni pale serikali inapitishia maombi ya bima na ya musaada), mwaka ukaisha ku 61,000. Wakati wa kodi wakamukata karibu dola 1,000 ku pesa wangemurudishia, na ile pesa alikuwa ameisha kuiahidi ku minervali ya watoto wa kaka yetu. Na ile wakati kulikuwa kiwango cha kurudisha, kama mapato yako ni kidogo hawangekukata kupita kiasi fulani. Kuanzia kodi ya 2026 kile kiwango kimetoka, unarudisha yote.

Sasa kuomba. Dirisha linafunguka tarehe 1 mwezi wa 11, na ukimaliza mbele ya tarehe 15 mwezi wa 12 bima inaanza 1 Januari. Kama umepoteza bima ya kazi, uko na siku 60, na kama ni Medicaid (bima ya serikali ya wenye mapato kidogo), ku HealthCare.gov uko na siku 90, usingojee mwezi wa kumi na moja. Unaingia HealthCare.gov, njo soko la serikali ku enternet, ao kama jimbo liko na soko lake, kama Kentucky, kule kule. Kama Kiingereza kinasumbua piga 1-800-318-2596, useme tu Swahili, wanakutafutia mukalimani na haulipe kitu. Mutu akikuomba pesa juu ya kukujazia fomu, kimbia.

Mbele ya kukaa weka ku meza: karatasi za uhamiaji za kila mutu, namba za Social Security (ile namba serikali inamupa kila mutu), karatasi za mushahara za miezi ya mwisho, na barua ya kazi kama bosi anatoa bima. Hii ya mwisho watu wanairuka. Kama bima ya kazi kwa wewe pekee haipite 9.96% ya mapato ya nyumba (ni hesabu ya 2026), kredi haupate, ata kama wewe ulikatala ile bima.

Kisha wanauliza muko wangapi mu nyumba, na hapa njo tunagombanaka na mudogo wangu kila mwaka. Nyumba kwao ni wale wanaoandikwa ku kodi yako. Mama yetu iko hapa Bukavu, anamutumia dola 200 kila mwezi, dawa zake za tansio zinatoka mule, lakini mama hahesabiwe, na ile pesa haitoke ku mapato. Inauma. Lakini ukimuandika unatengeneza deni. Na kama umeoa, mutangaze kodi pamoja na bibi, ukitangaza peke yako unapoteza kredi, isipokuwa kesi chache kama mutu aliyekimbia bwana anayemupiga.

Mapato yenyewe, chukua mushahara mbele ya kukatwa kodi, ongeza saa za ziada unazozijua na kazi ya pembeni. Kwa bima ya 2026 mutu mumoja asipite 62,600, familia ya watu 4 isipite 128,600, ukipita ata dola moja kredi yote inaenda, juu ile nyongeza ya tangu 2021 iliisha na 2025. Mapato kidogo sana nayo iko na njia yake: Ohio wanakupeleka Medicaid, lakini Texas haikupanua Medicaid, mutu muzima mwenye mapato chini ya mustari wa umaskini (kiasi serikali inaweka cha kumuhesabu mutu maskini) anaweza kubaki bila kitu.

Jibu likikuja musishituke kama familia imekatwa mara mbili. Kwa mudogo wangu watoto waliwekwa Medicaid, baba na mama wakabaki ku soko. Shemeki alilia akasema wamenitoa watoto. Hapana, kiwango cha watoto ni cha juu kuliko cha wakubwa, na ile bima yao ni muzuri.

Ku kuchagua, kama mapato iko chini ya mara mbili na nusu ya ule mustari, angalia bima za daraja la Silver. Daraja la Bronze linaonekana bei rahisi, lakini punguzo la pesa unayolipa mwenyewe ku hospitali linapatikana ndani ya Silver tu. Kisha lipa mwezi wa kwanza. Bila ile malipo bima haianze, karte ikuje ao isikuje.

Wenye hawajapata grini kadi (karatasi ya kukaa kule kwa siku zote) musikie muzuri: sheria iliyosainiwa tarehe 4/7/2025 inasema kuanzia 1/1/2027 mukimbizi na mwenye kupewa hifadhi hawatapata tena hii kredi. Mwenye grini kadi anaendelea. Mukimbizi anaomba grini kadi akitimiza mwaka 1 kule, kwa hiyo kama ndugu yako ametimiza na bado analala, mupigie leo usiku.

Saa za ziada zikianza, mutoto akizaliwa, kazi ikiisha, ingia mu akonti ubadilishe mbele ya siku 30 kupita. Mwanzo wa mwaka soko litatuma karatasi inaitwa 1095-A, inaonyesha avansi walikulipia, usitangaze kodi mbele ifike, juu namba zake njo zinajaza fomu ya kodi 8962, na usipoijaza unaweza kupoteza avansi. Sisi sasa picha ya kila karatasi ya mushahara anaituma ku WhatsApp mwisho wa mwezi, naijumlisha mu kaye, tukiona inapanda tunabadilisha ile usiku.