Kurekebisha Hesi Zilizoliwa Katika Bloku ya Injini

Bolti inayozunguka bila kukaza, na ikitolewa inakuja na nyuzi za alumini zilizojikunja katikati ya hesi zake, huonyesha kwamba kilichokufa ni tundu la bloku. Wapo mafundi wanaotia bolti nene zaidi, njia ambayo siipendi, kwa kuwa atakayeifungua injini baadaye hataielewa. Afadhali kuweka springi ya hesi ya chuma cha pua, kama vile ya chapa ya Helicoil, yaani waya uliosokotwa unaokaa ndani ya tundu na kuwa hesi mpya za bolti ileile.

Kwa bolti ya M8 (kipenyo cha milimita 8) yenye hatua, yaani umbali kati ya hesi moja na inayofuata, ya milimita 1.25, tundu hupanuliwa kwa keekee ya milimita 8.3 iliyosimama wima kabisa, ambayo imezungushiwa utepe kuonyesha kina, kwa sababu njia ya maji au ya oili huenda iko karibu. Kisha kata hesi mpya kwa tapu inayokuja na seti ya springi, si tapu ya kawaida ya M8, ukiipaka oili na kuirudisha nyuma kidogo kila baada ya nusu mzunguko ili chenga zikatike. Vaa miwani, upulize tundu kwa kompresa mpaka likauke, maana oili iliyobaki chini ya tundu lisilopenya inaweza kuipasua bloku bolti inapokazwa.

Ingiza springi kwa kifaa chake hadi izame robo au nusu mzunguko chini ya uso wa bloku, vunja kikonyo chake (ncha ya chini iliyokunjwa, inayoshikwa na kifaa wakati wa kuingiza), na ukitoe kwa koleo nyembamba. Sumaku kwa kawaida haitakinasa.