Kuandaa sehemu ya kempa kwenye shamba la familia karibu na Bwawa la Mtera

Usichague eneo la kempa, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, mwezi Oktoba kwa kuangalia maji yalipo. Bwawa la Mtera likijaa hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na usawa wa chini wa kuzalishia umeme ni mita 690. Kwenye ufuo ulio karibu tambarare, tofauti hiyo ya mita 8.5 inasogeza maji mbali sana. Panapoonekana pazuri wakati wa kiangazi huenda pakawa chini ya maji masika.

Hatua ya 1: Pima kutoka alama ya maji ya juu. Tafuta mstari wa takataka na vijiti vilivyoachwa na maji, kisha waulize wavuvi wazee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bwawani. Zihesabu kuanzia alama hiyo. Mita 60 hizo hazitoshi kwa viboko, hivyo acha angalau mita 200. Njia ya kiboko utaitambua kwa mifereji miwili inayokwenda sambamba, katikati majani yamesimama. Huipita hiyo hiyo kila usiku akienda malishoni, na akishtuka hukimbilia majini. Kempa isikae juu ya njia hiyo, wala kati ya malisho na maji. Uzio wa miba haumzuii.

Hatua ya 2: Ardhi. Udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi huvimba na kuteleza mvua zikianza, na gari la tani 3.5 litazama hadi ekseli. Kila gari litengee mita 5 kwa 10. Ondoa udongo wa juu, mwaga moramu kwa matabaka mawili ya sentimita 10, ukinyunyizia maji na kushindilia kila tabaka. Hesabu inatoa mita za ujazo 10, lakini agiza 12 kwa sababu moramu hushuka ikishindiliwa. Acha mteremko mdogo, kama sentimita 10 kwa urefu wote. Ukizidi, watu watalala vichwa vikiwa chini. Njia ya kuingilia iwe na upana wa mita 4, na matawi yakatwe hadi urefu wa mita 4.

Hatua ya 3: Maji. Tenki la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 2 linatosha kujaza tenki la kempa kwa mpira, ila presha yake ni ndogo mno kwa kuoga moja kwa moja. Maji ya bwawani yatibiwe kwanza.

Hatua ya 4: Umeme. Weka soketi ya bluu ya ampea 16, kebo ya milimita za mraba 2.5, nondo ya ethi (inayopeleka ardhini umeme uliovuja), na breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Hiyo breka usiibane bei, ndiyo inayookoa maisha mtu akishika bodi ya gari akiwa peku kwenye umande. Ampea 16 ni wati 3,680: birika na jiko la umeme kwa pamoja vitaikata. Kebo ya ziada ikunjuliwe yote, maana ikibaki imeviringwa hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Hatua ya 5: Maji machafu. Maji ya kuogea na vyombo yaende kwenye shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1.2, lililojazwa mawe, umbali wa mita 30 kutoka kisimani. Choo cha kempa kina boksi la lita 20 hivi, mara nyingi likiwa na dawa ya bluu. Lisimwagwe kwenye septiki ya nyumbani: dawa hiyo huua bakteria wanaoozesha kinyesi, na baada ya muda septiki inafurika. Lichimbie shimo lake, lenye mfuniko.