Mgongo una vyuma, nyonga inabadilishwa: omba picha ya kukaa

Nyonga yangu ya bandia iliteguka nikiwa juu ya kigoda, hapa Bombo, Uganda, nikiinama kuokota ukindu wa kusukia kikapu. Mgongo wangu ulikuwa na skrubu kwa miaka minne, pingili tatu za kiuno zimeshikizwa pamoja. Daktari wa nyonga hakuuliza, nami sikusema. Nilidhani mgongo ni kesi nyingine.

Basi wewe vitaje vyuma vyako siku ya kwanza, na ubebe picha za zamani. Sema pingili ngapi zimeunganishwa, na kama zimefika kwenye sakramu, mfupa wa chini kabisa ya kiuno. Zikiwa nyingi, hatari ya kuteguka huongezeka.

Mtu mwenye mgongo mwepesi akikaa, fupanyonga hulala nyuma kama digrii 20, na kikombe cha nyonga, kile kinachoshika kichwa cha paja, hufunguka mbele kuliachia paja nafasi. Mgongo ulioshikizwa haulali. Paja hupanda peke yake, linagonga ukingo wa kikombe kwa mbele, na kichwa cha kiungo kinachomoka kwa nyuma.

Kwa hiyo omba eksirei ya ubavuni mara mbili, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Mimi nilipigwa picha nimelala chali. Hiyo haisemi lolote kuhusu kukaa. Daktari atalinganisha mwinamo wa sakramu katika picha zote mbili. Ukibadilika chini ya digrii 10, mgongo ni mgumu. Hapo anaweza kukielekeza kikombe mbele zaidi, au kuweka kiungo cha mizunguko miwili, tufe dogo ndani ya kubwa, walichokibuni Wafaransa miaka ya 1970. Mimi ninacho hicho sasa.

Nyumbani, kigoda nilimpa mjukuu. Kuchuchumaa chooni hakuna tena: seremala alinichongea kiti chenye tundu, kirefu kuliko magoti yangu. Naswali nimekaa kitini. Teksi, yaani basi dogo, ya kwenda Wandegeya mjini Kampala nangoja yenye nafasi kwa dereva, hata zipite tatu, maana kiti cha nyuma kabisa magoti hufika kidevuni.

Ukisikia "ko!" nyongani, mguu ukafupika na kidole gumba kikageukia ndani, usikubali mtu akuvute. Shemeji yangu alijaribu. Nilimtukana kwa Kinubi mpaka watoto wakakimbia. Lala, mto katikati ya mapaja, liitwe gari. Boda boda hapana.