Namna ya kuchagua kiwango salama cha kufyatuka kwa vifungio vya ski

Vijana wa Nakuru, Eldoret, Kisumu na Kakamega wanaokwenda kusoma au kufanya kazi Kanada, Austria au Uswisi hualikwa na wenzao, mara majira ya baridi yanapoingia, kwenda kuteleza kwenye theluji. Kwenye duka la kukodisha vifaa hupewa fomu inayouliza uzito, urefu, umri na namna wanavyoteleza, na wengi huijaza harakaharaka kama daftari la wageni getini. Fomu hiyo ndiyo inayoamua iwapo buti litaachana na ski, ule ubao mrefu mwembamba wa kutelezea, mtu anapoanguka, au litaendelea kushikwa mpaka mfupa uvunjike.

Kifungio, yaani kifaa kinachoshikiza buti kwenye ski, kina sehemu mbili: ya mbele, inayoshika ncha ya buti, na ya nyuma, inayoshika kisigino. Ndani ya kila sehemu mna springi inayokazwa au kulegezwa kwa skrubu, na kando yake kidirisha kidogo chenye namba. Sehemu ya mbele hufyatuka kwenda upande mguu unaposokotwa, na ya nyuma hufunguka kwenda juu mwili unapotupwa mbele. Namba inayosomeka kidirishani huitwa DIN, jina la shirika la viwango la Ujerumani, na utaratibu wa kuichagua umewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 11088. Ikiwa kubwa mno, ski hugeuka kuwa wenzo mrefu unaousokota muundi. Ikiwa ndogo mno, ski huchomoka katikati ya kona mtu akiwa kwenye kasi, na huko nako kuna kuumia. Kabla ya Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Marekani, kubuni kifungio cha kufyatuka mwaka 1937 baada ya yeye mwenyewe kuvunjika mguu, mtelezaji alifungwa kwenye ski zake hivihivi na kujiombea heri.

Niseme mapema kwamba ski alizotumia Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, ni za aina nyingine. Zile ni za mbio za masafa, ambazo kisigino huwa huru, na hazina namba hii. Anayealikwa Finland ana uwezekano mkubwa wa kupewa hizo, na maelezo yanayofuata hayamhusu. Haya ni ya ski za kushuka milima, ambazo buti hushikwa mbele na nyuma.

Namba hupatikana kwa mambo matano: uzito, urefu, umri, aina ya mtelezaji, na urefu wa soli ya buti. Jedwali la mafundi huanza kwa kumpa mtu herufi kulingana na uzito, kisha herufi nyingine kulingana na urefu. Kilo 49 hadi 57 ni I, 58 hadi 66 ni J, 67 hadi 78 ni K, na 79 hadi 94 ni L. Kwa urefu, sentimita 149 hadi 157 ni I, 158 hadi 166 ni J, 167 hadi 178 ni K, na 179 hadi 194 ni L. Herufi hizo mbili zikitofautiana, huchukuliwa ile iliyo juu zaidi katika jedwali, yaani ile yenye namba ndogo.

Kanuni hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili na yeyote mwenye umbo la mkimbiaji wa masafa marefu. Kijana mwenye kilo 56 na urefu wa sentimita 172 ana I kwa uzito na K kwa urefu, kwa hiyo yeye ni I, ingawa fundi akimtazama kwa macho tu anaweza kumdhania K. Nimesikia hoja kwamba miguu iliyozoea vilima vya Iten ina nguvu kuliko ya Mzungu wa ofisini, na kwa hiyo inastahimili namba kubwa. Hoja hiyo haina msingi. Uzito na urefu hutumika kukadiria msokoto ambao mfupa wa muundi unaweza kuuhimili, na mfupa mwembamba haunenepi kwa sababu mwenye nao anakimbia kilomita ishirini kila asubuhi. Pumzi na misuli vitamsaidia kupanda. Havibadilishi herufi yake.

Baada ya herufi huja aina ya mtelezaji. Aina ya kwanza ni mtu anayekwenda polepole kwenye miteremko mepesi, na yeyote anayeanza yumo humo. Kwa kujiweka hapo anakubali kwamba ski inaweza kuchomoka mapema kidogo, ili apunguze hatari ya kifungio kukataa kufyatuka. Aina ya pili hushuka mstari mmoja katika jedwali, na aina ya tatu, yaani wanaopenda kasi na miteremko mikali, hushuka mistari miwili. Mtoto wa miaka 9 au chini yake, pamoja na mtu wa miaka 50 au zaidi, hupandishwa mstari mmoja kuelekea namba ndogo. Hili huwahusu wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao ughaibuni na kushawishiwa kujaribu: umri usipunguzwe kwa haya wala kwa utani.

Jambo la tano ni urefu wa soli kwa milimita, ambao si saizi ya kiatu. Umechongwa ubavuni mwa buti karibu na kisigino, kwa mfano 295 au 315. Soli ndefu hukipa kifungio wenzo mrefu zaidi dhidi ya mguu, hata springi ileile ikahitaji msokoto mkubwa zaidi ndipo ifyatuke, ndiyo maana namba hupungua kadiri soli inavyorefuka.

Sasa tuhesabu. Kijana wetu wa kilo 56, mwenye umri wa miaka 24, anayeanza, na mwenye soli ya milimita 295, anabaki kwenye mstari wa I na kupata 3.5. Mjomba wake mwenye kilo 88, sentimita 170 na miaka 52 ana L kwa uzito na K kwa urefu. Huchukuliwa K, kisha umri humpandisha hadi J, na kwa soli ya milimita 315 anapata 4. Angepimwa kwa uzito peke yake angepewa 6, tofauti ambayo goti na muundi vingeilipia.

Fomu za Marekani, na wakati mwingine za Kanada, huuliza uzito kwa ratili. Zidisha kilo zako kwa 2.2, kisha andika kizio waziwazi. Pima uzito siku hizohizo badala ya kutumia ule wa kliniki wa miaka mitatu iliyopita, hasa baada ya miezi kadhaa ya vyakula vya ugenini.

Aliyezoea kuchambua mitumba katika soko la Kibuye atavutiwa na ski zilizokwisha kutumika. Aangalie kwanza kiwango cha chini cha kifungio, kwa kuwa vingine huanzia 4 au hata 6, na anayehitaji 3.5 hawezi kuvitumia hata apewe bure. Watengenezaji huweka orodha ya vifungio ambavyo bado wanavidhamini, na duka makini hukataa kurekebisha kilichoondolewa humo. Soli iliyolika kwa kutembezwa kwenye lami pia hubadilisha jinsi buti linavyokaa, hata namba ikiwa sahihi.

Kazi ya kukaza skrubu iachiwe fundi aliyepata mafunzo, kwa sababu namba ya kidirishani ni dokezo tu. Mwombe apime nguvu halisi ya kufyatuka kwa kifaa cha kupimia msokoto, na aangalie pia mkandamizo wa sehemu ya nyuma juu ya buti, ambao usipokuwa sawa huharibu hesabu yote. Kabla ya kuondoka dukani, soma mwenyewe vidirisha vyote vinne na uvilinganishe na karatasi uliyopewa.

Mteremkoni, kwangua theluji iliyoganda chini ya buti kila unapovaa ski. Ikichomoka bila sababu, usikimbilie bisibisi. Kagua theluji, soli na mkandamizo kwanza, kisha urudi kwa fundi. Ujue pia kwamba vifungio hivi viliundwa hasa kuulinda muundi. Ligamenti za goti zinaweza kukatika hata namba ikiwa sawasawa, hususan mtu anapoanguka kinyumenyume huku goti likisokotwa, kwa hiyo ukishapoteza mizani usijitahidi kusimama ungali unateleza.

Tunza karatasi ya vipimo, lakini usiitumie tena msimu ujao bila kupima upya. Buti jingine, kilo kadhaa zaidi au kutimiza miaka 50 vinatosha kukuhamisha mstari.