Elixir: nauli iliyogoma kupanda

Mnaoandika Elixir, lugha ya kuandikia programu, msinaswe kama mie juzi na kiprogramu cha tiketi za boti, Malindi ya Unguja kwenda Mkoani, Pemba. Niliweka nauli = 35000 ya kujaribia, kisha ndani ya if (sharti) ya daraja la kwanza nikaandika nauli = 50000. Nje ya if, bado 35000! Ile ya ndani ni jina jipya tu, linakufa kwenye end, neno linalofunga if. Ya nje haikuguswa. Kompaila (inayotafsiri programu kwa ajili ya kompyuta) ilinionya kuna jina halitumiki, nikapuuza. If yenyewe hurudisha thamani, basi ipokee:

nauli = if daraja == 1, do: 50000, else: 35000

Ukisahau else (yaani "vinginevyo"), wa daraja la kawaida anapata nil, yaani hakuna thamani. (Kwenye Erlang, lugha ndugu ya Elixir, jina lililokwisha kupewa thamani halikubali nyingine ng'o.)