Kisiwa cha kampuni ya meli: uliza haya kabla ya kulipa

Wateja wangu hapa Moshi, hasa wazazi wanaoalikwa na watoto wao walioko Marekani, wakiona picha za visiwa vya kampuni za meli za utalii kule Bahamas hutaka kulipa siku hiyohiyo. Mama, baba, subirini kidogo.

Ulizeni mnashukaje. Castaway Cay ya Disney na CocoCay ya Royal Caribbean zina gati, mnashuka kwa miguu. Penye kuteremshwa kwa boti, bahari ikichafuka kisiwa kinaweza kurukwa, na mwenye magoti mabovu anataabika.

Gharama ndiyo nasisitiza sana. CocoCay, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, viti vya ufukweni, miavuli, bwawa la Oasis Lagoon na chakula cha kawaida vimo kwenye nauli. Michezo ya kuteleza majini ya Thrill Waterpark inalipiwa mbali, na bei yake hubadilika. Wazee wangu wengi hawana haja nayo, wanataka kivuli na utulivu. Basi shukeni asubuhi na mapema, maana viti vya kivulini hugombewa kama siti za daladala. Asiyetaka kelele za watoto, Castaway Cay ina ufukwe wa Serenity Bay, wa waliotimiza miaka 18.

Halafu viza. Meli ikitoka Miami na kurudi Miami, hakikisheni viza inaruhusu kuingia Marekani tena. Hilo liulizwe kabla shilingi haijatoka mfukoni.